Kimya cha Saa Arobaini na Tano

Ijumaa, saa sita kamili za usiku,
kampeni hufa kwa amri ya sheria.
Mimi ndiye mchimba kaburi:
ndoo, kikwaruzo cha chuma, glavu za mpira,
na barua ya halmashauri yenye mhuri
inayoniruhusu kubandua nyuso za watu
kwenye uzio wa shule namba tatu, hapa Olszanka,
ambako Jumapili tutapiga kura.

Theluji ya Aprili imekataa kwenda. Gundi imeganda.
Mgombea wa kwanza anatoka kidevu, halafu masharubu,
macho yanabaki yakinitazama
kama mtu aliyenikopesha.
Wa pili, Halszka Wiórek, daktari wa watoto,
anabanduka mzima.
Namkunja vizuri, sijui kwa nini.
Labda kwa sababu alimtibu mwanangu kifaduro.

Sheria naijua. Kipaza sauti kizimwe.
Beji itoke kwenye koti. Kila bango liandikwe chini,
kwa herufi ndogo kama sisimizi, nani kalilipia.
Hata mzee Bonifacy nilimsimamisha mwaka ule
kwa kofia yake yenye jina la chama;
akaivua, baridi ikamlamba upara, akapiga kura.
Tulicheka. Sheria ilikuwa na mikono wakati ule,
na mikono yenyewe ilikuwa hii yangu.

Saa saba na robo mfuko ukatetemeka.
Mke wangu: "Umesikia?"
Nikasikia. Halszka anaongea,
sauti yake ile yenye mkwaruzo wa sigara alizoacha:
"Wodi ya wazazi tutaifunga Mei. Na vikongwe wa hapa
watakufa kabla hawajamaliza kulalamika."
Kisha kicheko.

Kicheko ndicho kilichonitia shaka.
Nilimwona akicheka kando ya kitanda cha mwanangu:
hucheka kwa ndani, mabega tu.
Aliyemtengeneza hakujua mabega.

Nikampigia Leokadia wa tume, yuko macho, maskini,
na chai yake na kanuni zake kurasa mia mbili.
"Jaza fomu. Jina la mkosaji. Mtaa. Namba ya nyumba."
Leokadia, sauti inakaa mtaa gani?
Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.
"Andika haijulikani. Jumatatu
mji mkuu utaiandikia kampuni."

Jumatatu!
Waliosema njia ya mwongo ni fupi
hawakuiona hii, iliyotandikwa chini ya bahari,
isiyo na mzani wala askari wa kuuliza leseni.

Na Halszka? Akijibu, amevunja sheria.
Kimya kimemfunga mdomo mwenye mdomo;
kisicho na mdomo kinasema hadi kunakucha.

Jumamosi, foleni ya mkate.
Bi Gertruda, miaka themanini na moja, kapu mkononi:
"Mimi nimemsikia kwa masikio yangu haya. Vikongwe!"
Nikafungua mdomo. Nikaufunga.
Kumtetea ni kampeni;
faini yake naweza kukutajia mpaka senti.
Nikasema tu:
"Kuna watu hucheka kwa mabega, Bi Gertruda."
Akaninusa kama aliyelewa,
akanunua mkate wa shayiri, akaenda zake.

Jumapili kibanda cha kura kilikuwa safi.
Ukutani hapana uso wa mtu, nilihakikisha mwenyewe.
Kalamu imefungwa kamba
isije ikaibwa.
Kibanda cha jirani, chini ya pazia,
niliona viatu vya Bi Gertruda vikikawia.
Vikakawia sana.
Kisha pazia likatikisika kidogo,
na sikuweza kujua, wala sheria hainiruhusu kuuliza,
kama lile lilikuwa bega.